Kudondosha Mpira Jikoni: Mazoezi Tunayofanya Kihesa

Shemeji yangu anauza nyanya. Kabla jua halijachomoza ameshapokea makasha kutoka Ilula, ameyapanga, ameanza kuuza kwa jumla, na mikono yake inajua uzito kuliko mikono ya vijana wengi ninaowafahamu. Alipoanza kucheza pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki kwa vibao juu ya wavu, pamoja nasi mwezi wa sita mwaka jana, kitenge amejifunga juu ya sweta kwa sababu ya baridi, kila mpira aliougusa ulikwenda kugonga ukuta wa nyuma. Akipunguza nguvu, unaishia kwenye wavu. Baada ya wiki kama mbili alikaa kwenye benchi, akaweka kibao mapajani, akaniambia: "Shemeji, nikipiga kwa nguvu wananirudishia kwa nguvu zaidi. Nikipiga taratibu haufiki. Sasa hapo katikati panapatikanaje?"

Haya ninayoandika ni jibu nililompa, pamoja na mazoezi tuliyofanya mpaka akapapata.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Kihesa hapa Iringa. Pikoboli iliniingia kupitia kazi. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliniletea kibao kilichovunjika mpini, akaomba nimtengenezee vinne vinavyofanana nacho. Aliponisimulia kwamba vibao vya kwanza vya mchezo huu vilikatwa kwa plaiwudi, niliupenda kabla sijaucheza. Ilikuwa mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle. Joel Pritchard na Bill Bell walikuwa na uwanja wa zamani wa badmintoni lakini vifaa havikutimia, wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakacheza na familia zao. Rafiki yao Barney McCallum ndiye aliyekata vibao vikubwa zaidi vya mbao. Mimi natumia plaiwudi ya milimita 9, urefu sentimita 40, upana sentimita 20, na mpini nauviringishia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sheria inataka urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 60.96, kwa hiyo vyangu vimo ndani. Ni vizito kidogo kuliko vya dukani, na kwa mpira wa kudondosha, ule unaopigwa taratibu uanguke karibu na wavu upande wa wapinzani, mimi naupenda uzito huo kwa sababu kibao hakitetereki mkononi.

Uwanja wetu tuliupima wenyewe kwenye sakafu ya saruji: mita 13.41 kwa 6.10, vipimo vilevile vya badmintoni ya wawili wawili. Wavu ni kipande cha wavu wa wavuvi kutoka Mtera, juu tumekishonea ukanda wa turubai. Pembeni unasimama sentimita 91, katikati tunaushusha kwa kamba hadi 86. Kutoka kwenye wavu kwenda kila upande kuna eneo la mita 2.13. Hilo ndilo wachezaji wanaloliita jikoni, na ukiwa umelikanyaga, hata mstari wake tu, huruhusiwi kupiga mpira ambao haujadunda.

Kwa nini tunadondosha? Mpira wa kuanzisha lazima udunde upande wa pili, na ule unaorudishwa lazima udunde kwako. Baada ya hapo ndipo watu wanaruhusiwa kupiga hewani. Maana yake ninyi mnaoanzisha mnabaki nyuma mkisubiri mpira udunde, wakati wenzenu wakisharudisha tu wanakimbilia mstari wa jikoni na kusimama pale wawili, vibao juu. Ukiupiga mpira kwa nguvu kutoka nyuma, unawapelekea usawa wa kifua, nao wanauponda miguuni pako. Ukiudondosha jikoni mwao, hawawezi kuingia kuupiga hewani. Inabidi wausubiri udunde, wainame, wauinue kutoka chini ya usawa wa wavu. Wakati wanainama, ninyi mnatembea kwenda mbele. Pigo hili la tatu, baada ya la kuanzisha na la kurudisha, linakununulia muda wa kutembea mita nne na nusu hivi, na hilo ndilo lengo lake. Anayetaka limpe pointi papo hapo ataliharibu.

Sasa siri yenyewe, ambayo shemeji alinifanya niitafutie maneno kwa sababu mimi nilikuwa naifanya bila kuisema. Mpira ufike kileleni ukiwa bado upande wako. Unapovuka wavu uwe tayari unashuka. Wengi wanaulenga wavu, wanajitahidi mpira upite juu yake kwa vidole viwili, kwa hiyo unavuka ukiwa bado unapanda au umelala sambamba. Mpira wa namna hiyo, hata ukipita chini kabisa, unaendelea mpaka kwenye kibao cha mwenzako. Ule ulioanza kushuka kwako unaanguka jikoni hata kama umepita juu ya wavu kwa shibiri nzima. Ndiyo maana anayepiga taratibu akilenga wavu anafeli: hajaupa mpira kimo cha kumfikisha.

Ili aone kwa macho, nilisimamisha fito mbili za mianzi kwenye ndoo za mchanga, moja kila mwisho wa mstari wetu wa jikoni, nikafunga uzi wa fundi mwashi kati yake, mita 1.6 kutoka chini. Halafu upande wa pili, katikati ya jikoni, nikatandaza kiroba kitupu cha sukari na kukiwekea mawe pembeni. Yeye akasimama nyuma kabisa. Kazi yake ilikuwa kupitisha mpira juu ya uzi na kuuangusha kwenye kiroba, wavu ausahau kabisa. Ukiupitisha juu kidogo ya uzi ule na ukaangukia kiroba, wavu utauvuka wenyewe. Kiroba kina faida nyingine. Mpira ukidunda kwenye saruji unasema "tak", kwenye kiroba unasema "pwa". Mchezaji anajua amepata bila kuinua macho mapema, na kuinua macho mapema ndiko kunakoharibu mipira mingi kuliko watu wanavyodhani.

Lakini uzi ni wa baadaye. Usianzie nyuma. Nimewaona watu wanajitesa kwenye mstari wa nyuma mwezi mzima, na kila siku wanarudi nyumbani na mkono uleule.

Anza bila kibao. Simama kwenye mstari wako wa jikoni, shika mpira mkononi, kiganja kikitazama juu, urushe kutokea chini uangukie kiroba. Utaurusha kama unavyomtupia mtu funguo aliyeko upande wa pili wa kaunta: humrushii usoni, unaziinua kidogo ili zimfikie zikiwa zimepoa. Mkono unajua jambo hilo tangu utotoni. Rusha mipira kumi, rudi hatua mbili, rusha mingine kumi, endelea hivyo mpaka nyuma. Angalia mambo mawili tu: mkono unatoka begani kama bembea, na magoti yanakunjuka pamoja na mkono. Ukifika mstari wa nyuma utaona kwamba nguvu ya ziada imetoka miguuni. Zoezi hili ni la dakika tano na mimi nalifanya hadi leo kabla ya kucheza.

Ndipo uchukue kibao. Kishike kama nyundo, mpini umelala kiganjani, lakini usikibane. Wanafunzi wangu wa useremala ninawafundisha kwamba msasa wa mwisho, ule laini wa namba 240, haukandamizwi. Unaupitisha kwa uzito wa mkono tu, ukisikiliza mbao kwa vidole. Mshiko wa kudondosha ni huo. Kama kubana kwa nguvu zako zote ni kumi, hapa shika tatu au nne. Ukibana zaidi mpira unaruka kwenye kibao kama umegonga ukuta.

Simama kwenye mstari wa jikoni, mwenzako kwenye mstari wa kwao, mkapeane mpira taratibu, kila mmoja akiuangusha jikoni kwa mwenzake. Upige ukiwa mbele ya mwili, kamwe usiuache ukafika ubavuni. Kibao kisirudi nyuma ya nyonga. Hapo hakuna kuvuta mkono nyuma kama anayepasua kuni. Unakiweka kibao chini ya mpira, unausindikiza kuelekea unakotaka, na mkono unaishia usawa wa kifua. Mkiweza kupeana mara ishirini bila kukosea, rudi wewe hatua moja, mwenzako abaki palepale.

Hapa ndipo panapohitaji subira, na mimi ningependa utumie muda wako mwingi hapa. Kila hatua piga mipira kumi. Saba ikiangukia jikoni, rudi hatua moja nyuma. Ikipungua mitano, songa mbele hatua moja bila kuona aibu. Ikiwa mitano au sita, baki hapo urudie. Shemeji ilimchukua siku tisa za mazoezi kutoka mstari wa jikoni hadi nyuma, na katikati, kama mita nne hivi kutoka kwenye wavu, alikwama siku tatu nzima. Pale katikati pana ugumu wake kwa sababu mpira mara nyingi unakukuta miguuni kabla haujapanda. Kunja magoti zaidi, shusha kibao mpaka karibu na sakafu, uuinue mara tu unapodunda. Usijaribu kurudi nyuma ili upate nafasi. Anayepiga huku anarudi nyuma uzito wake unakimbia mpira, nao unapaa au unakufa.

Kilichomkwamisha shemeji hasa kilikuwa kifundo cha mkono. Kila alipoona mpira uko chini, alikipindua kiganja haraka mwishoni, kama anayegeuza chapati. Nilimwambia mara nyingi na akawa anaitikia, "Nimeelewa, shemeji," kisha anarudia, maana mwenyewe hakuwa anauona mkono wake. Siku moja nilichukua papi nyembamba ya mbao, upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 30, nikaipiga msasa isimchome, nikamfungia kwa ukanda wa tyubu ndani ya mkono, kuanzia katikati ya kigasha hadi kiganjani. Alipiga mipira kumi na tano. Ya kwanza ilikwenda fupi, kwa sababu ile nguvu aliyokuwa anaiibia kwenye kiganja haikuwepo tena. Wa saba nilimwona anashusha magoti. Wa kumi mpira ulipanda, ukaning'inia, ukashuka kwenye kiroba: pwa. Akaniangalia bila kusema neno, akaokota mwingine. Tulifunga papi ile siku nne, kila siku mipira kumi na tano tu ili mkono usichoke, halafu tukaiacha. Iko karakanani hadi sasa, na mtu akija na kiganja cha chapati naitoa.

Ukishafika nyuma, sasa weka uzi na fito nilizoeleza. Mwenzako asimame jikoni upande wa pili na kikapu cha mipira, akurushie mirefu inayodunda karibu na mstari wako wa nyuma. Kaa nyuma ya mstari hatua moja ili mpira ukukute ukiwa unakwenda mbele. Uache udunde, upande, uanze kushuka, uupige ukiwa kati ya goti na paja. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto utangulie. Kwa upande wa mgongo wa mkono, yaani mpira ukija kushoto kwako, utangulie wa kulia. Upande wa mgongo wa mkono wengi wanauogopa, lakini kwa kudondosha mimi naona ni rahisi zaidi, kwa sababu bega liko mbele na kiganja hakina nafasi ya kucheza.

Lenga katikati ya uwanja. Pale wavu uko chini kwa sentimita tano, na wapinzani wawili huwa wanatazamana nani achukue. Na usilenge karibu na wavu. Weka kiroba katikati ya jikoni au hata kisogeze kuelekea miguu yao. Mpira ulioanguka mbele ya vidole vyao bado wanauinua kutoka chini, lakini ulionasa kwenye wavu umewapa zawadi. Ukiwa lazima ukosee, kosea kwa kuzidisha.

Kisha tembea. Watu wanafanya mazoezi ya mkono na kusahau miguu, halafu kwenye mechi wanadondosha vizuri na kubaki nyuma wakitazama. Kwenye mazoezi kila mpira unaoupiga uufuate. Ukiona mwenzako anainama na kibao chake kinashuka, nenda. Ukiona kibao kinapanda, simama ulipo, jishushe, jiandae kujilinda. Na popote ulipo, yeye anapokaribia kugusa mpira wewe uwe umesimama kwa miguu miwili. Safari ya kwenda mbele si lazima uimalize kwa mkupuo. Unaweza kudondosha mmoja ukafika katikati, ukadondosha wa pili ukafika mstarini. Sisi tuna mchezo mdogo wa hadi pointi saba: anayeanzisha anapata pointi pale tu pigo lake la tatu likianguka jikoni na wote wawili wakifika mstarini. Vijana wanaupenda, na kelele zake majirani wanazijua.

Kuna siku za kutodondosha. Mpira uliorudishwa kwako ukiwa mfupi na umepanda juu ya usawa wa wavu, upige kwa nguvu. Hiyo ni haki yako.

Nimalizie na hali yetu ya nyanda za juu, maana video nyingi zinapigwa kwingine. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Mpira huu una uzito wa gramu 22 hadi 26.5 na una matundu. Kinachoupunguzia mwendo ni hewa. Ndugu yangu anayetoka Dar es Salaam kila akija anadondosha mirefu siku ya kwanza yote, na huwa namwambia asibadili mkono, asogeze tu shabaha karibu na wavu kwa nusu mita. Mkiwa Njombe au Mbeya, ambako ni juu zaidi, litegemeeni hilo.

Baridi nayo ina mambo yake. Kuanzia Juni hadi Agosti plastiki inakuwa ngumu, inadunda kidogo, na inapasuka haraka. Sisi mipira ya asubuhi tunaweka ndani ya sweta kabla ya kuanza. Kabla ya kucheza uminye kila mmoja kati ya vidole na uuzungushe karibu na sikio. Uliopasuka unalia kama kikombe chenye ufa na hautashuka unapotaka. Kwa nje tumia ule wenye matundu madogo 40. Ule wa ndani wenye matundu makubwa 26 upepo wa jioni unaupeleka kwa jirani. Upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako, ushushe kilele. Ukivuma usoni, piga juu zaidi na uongeze goti, mkono ubaki uleule.

Masika mpira ukidunda kwenye saruji yenye unyevu unateleza na kubaki chini sana, na mtu anaweza kuanguka vibaya. Siku hizo tunakausha kona moja kwa gunia, tunavua viatu vyenye soli iliyokwisha, tunarudi kwenye lile zoezi la kurusha kwa mkono hadi kwenye kiroba. Shemeji huwa analichukua eneo la karibu na ukuta, mahali palipokauka mapema, na ndoo yake ya mipira kumi na miwili. Jana nilihesabu kutoka mlangoni bila yeye kujua. Tisa ilisema pwa.